Milango Isiyo na Nyumba: Siku Moja George Town na Riwaya ya Tan Twan Eng

Foleni ya kwanza tuliyoikuta George Town haikuwa ya chakula wala ya tiketi. Ilikuwa ya baiskeli. Katika mtaa wa Lebuh Armenian kuna baiskeli kuukuu imekitwa ukutani, na juu yake msanii Ernest Zacharevic kutoka Lithuania alichora watoto wawili mwaka 2012, dada mbele, mdogo wake nyuma amemshikilia. Watu wanasubiri zamu, wanasimama kando ya baiskeli, wanapigwa picha, wanaondoka. Saa tatu asubuhi walikuwa wameshafika kama ishirini. Mume wangu aliitazama ile foleni, akanitazama mimi, akasema, "Bibie, mie nimezaliwa ndani ya picha za watu. Sikai foleni kuingia kwenye nyingine."

Alizaliwa Mji Mkongwe, Unguja. Utoto wake wote amekaa barazani huku wageni wakimpiga picha yeye, paka wake na mlango wa nyumba yao. Mimi nimekulia Dar es Salaam, mambo ya kupigwa picha na wasionijua siyajui. Nilikuwa na mafunzo ya wiki moja Kuala Lumpur, naye akanifuata mwishoni, tukajipa siku moja ya kutembea kama watu wasio na watoto. Tulipanda treni hadi Butterworth, tukavuka na kivuko kinachoweza kumkumbusha mtu wa Dar pantoni ya Kigamboni, tukalala, tukaamkia mjini. Kwenye mkoba nilikuwa na The House of Doors ya Tan Twan Eng. Nilitaka kuisoma pale inapotokea. Ni tabia ya kishamba kidogo, naijua, lakini wapenzi wa vitabu wengi tunayo.

Haya basi ni maoni yangu juu ya kitabu hicho, na ile siku imo ndani kwa sababu bila hiyo nisingeona kasoro yake, wala nisingeona kwamba kasoro hiyo ni yangu pia.

Kwa ambaye hajakisoma: kilitoka mwaka 2023 na kikaingia kwenye orodha ndefu ya Tuzo ya Booker mwaka huohuo. Mwandishi alizaliwa Penang mwaka 1972. Riwaya yake iliyotangulia, The Garden of Evening Mists, ilipata Man Asian Literary Prize ya mwaka 2012. Hii ya milango inaanzia Afrika Kusini mwaka 1947, shambani Doornfontein kwenye ukame wa Karoo. Mjane wa Kiingereza, Lesley Hamlyn, anapokea kifurushi kwa posta. Ndani kuna kitabu cha W. Somerset Maugham, The Casuarina Tree. Kinamrudisha Penang ya mwaka 1921, wakati Maugham, au Willie kama wenyeji wake wanavyomwita, alipokuja kukaa nyumbani kwao kando ya bahari pamoja na katibu wake Gerald Haxton. Gerald ni katibu mchana na mpenzi usiku, na kila mtu anajua, na hakuna anayesema.

Willie anafika akiwa na matatizo. Pesa zake zimepotea, ndoa yake imechoka, na anahitaji kitabu kipya. Lesley naye ana hadithi aliyoifungia ndani miaka kumi. Polepole, usiku baada ya usiku, anamfungulia. Humo kuna Sun Yat-sen aliyekuwa Penang mwaka 1910 akitafuta fedha na watu wa kuuangusha utawala wa kifalme wa China. Kuna rafiki yake Ethel Proudlock, ambaye kesi yake ni ya kweli kabisa: mwaka 1911 alimpiga mwanamume risasi Kuala Lumpur, akahukumiwa kunyongwa, halafu Sultani wa Selangor akamsamehe. Maugham mwenyewe aliitumia kesi hiyo kuandika "The Letter", kisa kilichomo ndani ya The Casuarina Tree ya mwaka 1926. Na kuna nyumba moja kwenye mtaa wa Armenian, mtaa uleule wa baiskeli, ambako mwanamume aitwaye Arthur amekusanya milango iliyookolewa kwenye nyumba zilizobomolewa. Ameining'iniza kutoka darini kwa waya. Inazunguka hewani taratibu. Huko ndiko Lesley anakokutana naye.

Niseme kwanza kinachonifurahisha, maana ni kikubwa. Tan ameelewa uhusiano wa mgeni na mwenyeji kuliko waandishi wengi niliowasoma wanaoandika habari za safari. Sisi tuna methali, mgeni njoo mwenyeji apone, na watu wengi tunaitaja tukifikiria kuku atakayechinjwa na watoto watakaoonja nyama. Katika kitabu hiki methali hiyo inafanya kazi nzito zaidi. Lesley ameishi na mume aliyenyamaza, katika jamii ambayo heshima yake yote imejengwa juu ya kunyamaza. Anakuja mgeni ambaye kazi yake ni kusikiliza, na kwa sababu ataondoka, mwenyeji anaweza kusema. Anapona. Lakini mgeni huyo ni mwandishi, na dawa ina malipo yake: ulichomwambia kitachapishwa. Maugham wa kweli alizunguka Malaya akila mezani kwa watu na kusikiliza umbea wao, kisha akaandika, na wenyeji wengi walimchukia kwa hilo. Tan hampendezeshi. Anamwonyesha akihesabu, akipima, akijua kabisa anachokichukua. Na Lesley naye anajua anachokitoa. Zile kurasa za watu wawili wakizungumza gizani, kila mmoja akimtumia mwenzake na kila mmoja akimhurumia, ni kazi ya mtu aliyekomaa.

Kingine: hakuna jozi hata moja kitabuni inayotembea bila siri. Lesley na mumewe Robert, Willie na Gerald, Lesley na Arthur, wote wanaonekana wawili wawili, wakipishana na mji mzuri huku wakifichana jambo. Nilikisoma nikiwa na mume wangu pembeni, nikajikuta najiuliza sisi tunafichana nini. Jibu lilikuja kabla ya saa sita mchana, nami sikulitegemea.

Tulikuwa tumekaa kwa muuza nasi kandar. Kwa msomaji wa Kiswahili chakula hiki kina raha mbili. Nasi kwa Kimalei ni wali, kwa hiyo sikio letu linasikia nazi na kuanza kutafuta tui. Kandar ni ule mti wa kubebea mzigo begani, kikapu huku na kikapu huku. Watamil Waislamu waliuza wali na mchuzi namna hiyo bandarini, begani, wakizunguka. Kwetu mti huo ni mzegazega. Nilimweleza mume wangu, akacheka, akasema basi tumekuja mbali kote huku kula wali wa mzegazega. Siku nzima tulikuwa tunaokota maneno ya namna hiyo. Wanasalimiana apa khabar, nawe unataka kujibu nzuri. Meja ni meza, bendera ni bendera, dunia ni dunia, sabun ni sabuni. Neno lililomshangaza kuliko yote ni gereja, kanisa kwa Kimalei, lililotoka kwa Wareno. Neno hilohilo la Kireno ndilo wanaisimu wanalolitaja kuwa asili ya gereza letu. Meli zilezile, neno lilelile, kule likabaki na msalaba na huku likapata kufuli.

Nikamfungulia kurasa za milango. Nilikuwa nimezipigia mstari. Kwa maoni yangu ndizo nzuri kuliko zote: milango inayoning'inia, iliyochorwa, inayozunguka bila bawaba, unaipita mmoja unaukuta mwingine, na hakuna chumba upande wowote. Alisoma polepole, mkono mmoja una mchuzi ameuweka mbali na karatasi. Alipomaliza akauliza swali moja tu.

"Na wenyewe walihamia wapi?"

"Wenyewe nani?"

"Wenye nyumba. Milango imeokolewa, sawa. Wao je?"

Sikuwa na jibu, kwa sababu nilikuwa nimepiga mstari chini ya ule uzuri bila kuuliza. Halafu akanisimulia kitu ambacho katika miaka tisa ya ndoa sikuwahi kukisikia. Mlango wa nyumba ya bibi yake, ule ambao wageni walikuwa wakiupiga picha yeye akiwa mtoto, haupo. Mimi nilipoolewa nilikuta mlango wa mbao za kawaida, nikadhani ndivyo ilivyokuwa siku zote. Kumbe mwaka mmoja boriti za ghorofa ya juu zilioza, dari likashuka nusu, na hakukuwa na fedha. Akaja mtu akautaka mlango. Mfaa wake ulikuwa na nakshi ya mnyororo, juu kizingiti cha maandishi, njumu za shaba safu kwa safu. Bibi akauza. Fedha ikanunua boriti mpya, mabati na mifuko ya chokaa. Ndugu wengine hawakumsemesha kwa miezi. Yeye akawajibu jambo ambalo mume wangu analikumbuka neno kwa neno: "Mlango hauli. Nyinyi mnakula."

Miaka baadaye aliukuta. Alikwenda kufanya kazi ya siku mbili katika hoteli moja ya ufukweni, na ukumbini kulikuwa na meza ndefu iliyofunikwa kioo. Chini ya kioo ulikuwa ule mlango umelazwa chali. Watu wameweka glasi za juisi juu yake. Aliujua kwa mkwaruzo alioufanya mwenyewe kwa msumari akiwa na miaka saba. Hakumwambia mtu. Alimaliza kazi, akalipwa, akarudi mjini.

Baada ya hapo sikuweza kukisoma kitabu kama nilivyokianza. Arthur anaipenda milango, na upendo wake ni wa kweli. Lakini ni upendo wa mtu mwenye nyumba ya ziada ya kuuwekea. Riwaya inatupa mwokoaji na haitupi muuzaji. Mlango uliotoka kwenye nyumba iliyobomolewa una historia ya ugomvi wa ndugu, deni, paa linalovuja, bibi anayeamua. Tan anauchukua mlango baada ya hayo yote kwisha, anausafisha, anauning'iniza kwenye mwanga mzuri. Ukiniuliza kasoro ya kitabu ni nini, nitakwambia ni hiyo, na inaenea hadi kwenye lugha yake. Sentensi zake zimepigwa msasa kupita kiasi. Kila jua linalozama linafananishwa na kitu, kila bahari ina tamathali yake. Baada ya kurasa mia unatamani jua lizame tu.

Inaenea hadi kwa watu pia. Nyumba ya Hamlyn ina watumishi, na mji una wavutaji wa riksho, wachuuzi, mayaya. Wanapita. Wanaleta chai. Wanafungua milango. Lesley anapomwonyesha Willie mji wake tunauona mji kupitia bega la bibi mkubwa wa kikoloni, na ingawa Tan anajua kabisa udhaifu wa bega hilo, hatupi jingine. Kuna hoja ya kumtetea: msimulizi ni Lesley, na Lesley hangeweza kuona zaidi. Nakubali nusu. Lakini nusu ya riwaya inamfuata Willie kwa nafsi ya tatu, na mwandishi aliyejipa uhuru wa kuingia kichwani mwa Maugham angeweza kuingia hata jikoni.

Hapa ndipo ninapokumbuka kitabu chetu wenyewe. Mwaka 1901 Carl Velten alichapisha Ujerumani Safari za Wasuaheli. Ndani yake kuna maelezo ya Selim bin Abakari aliyekwenda na Mjerumani hadi Urusi na Siberia mwaka 1896. Selim alikuwa mtumishi wa safari. Kwa mpangilio wa riwaya kama ya Tan, ndiye angeleta chai. Lakini ndiye aliyeeleza safari, kwa Kiswahili, akitazama baridi, vyakula na desturi za watu wa huko kwa macho ya mtu anayelinganisha na kwao bila kuona aibu. Ni kweli, maelezo yake yalipitia mikono ya Mzungu mwenye hamu zake. Hata hivyo yapo. Fasihi yetu ya safari imeanza na mbeba mizigo mwenye kalamu. Tukijua hilo, tuna haki ya kumwuliza mwandishi yeyote wa bandari: mbeba mizigo wako amesema nini?

Nilimwambia mume wangu hoja hiyo kwa furaha, maana niliiona nzuri. Akanitazama. "Sawa. Na sisi leo tumezungumza na nani?"

Nikahesabu. Muuza tiketi wa Khoo Kongsi, ile nyumba ya ukoo yenye paa lililojaa sanamu za rangi. Kijana wa nasi kandar, maneno manne. Mzungu mmoja aliyetuomba tumpige picha. Basi. Nilikuwa nimemhukumu Lesley Hamlyn kwa kosa ambalo nilikuwa ninalifanya wakati huohuo, tena kwa miguu, bila hata kisingizio cha kuwa mkoloni.

Alasiri ndiyo iliyotuokoa kidogo. Alitaka kuswali, tukaenda Lebuh Acheh, hatua chache tu kutoka kwenye foleni ya baiskeli. Msikiti wa huko ulianzishwa mwaka 1808 na Syed Hussain Aidid, mfanyabiashara wa asili ya Kiarabu aliyetoka Aceh. Mtaa ule ulikuwa kituo cha mahujaji waliosubiri meli za kwenda Jeddah. Mimi nilikaa kivulini uani. Alichelewa kutoka. Nilipochungulia nilimwona amekaa na mzee mmoja mwenye kofia, wanazungumza kwa Kiingereza kibovu cha pande zote mbili, mikono ikisaidia. Mzee alikuwa amemwuliza anatoka wapi, akamjibu Zanzibar, na mzee hakushangaa hata kidogo. Aliuliza ukoo. Akasema wazee wake walitoka Hadhramaut. Kwa upande wa mama yake, mume wangu naye ni Mshihiri. Wakaanza kutajiana miji, Tarim, Shihr, Mukalla, kama watu wanaotafuta namba ya simu ya ndugu aliyepotea. Dakika kumi hivi. Hawakupata ndugu. Lakini alipotoka alikuwa anatembea tofauti. Tangu asubuhi hakuwa amekuwa mgeni wa mtu, alikuwa mtalii tu. Kwa Kiswahili hayo ni mambo mawili: mgeni ana mwenyeji, mtalii ana tiketi.

Penang hiyo, ya mahujaji na Washihiri na meli za kaskazi na kusi, haimo katika The House of Doors. Au imo kwa mbali, kama adhana inayosikika kutoka chumba kingine. Mji wa Tan ni wa Waingereza na Wachina. Wamalei na Watamil wako pembeni, na Bahari ya Hindi ni mandhari ya kuogelea usiku. Sisemi mwandishi lazima aandike kila kitu. Nasema sisi wasomaji wa upande huu wa bahari tuna kitu cha kuweka kwenye mizani. Chukua By the Sea ya Abdulrazak Gurnah, ya mwaka 2001. Humo kuna Hussein, mfanyabiashara anayekuja Unguja na msimu wa upepo, akiwa na visa vya babu yake aliyefanya biashara Malaya. Msimulizi, Saleh Omar, anauza samani, vitu vilivyotoka kwenye nyumba za watu. Gurnah anajua kwamba meza ni ushahidi. Anauliza ilitoka kwa nani, kwa deni gani, na nani alilia ilipotolewa mlangoni. Ukivisoma vitabu hivi viwili wiki moja, utaona kwamba vinasimama kwenye fukwe mbili za bahari moja, na kwamba cha Tan kinatazama zaidi kuelekea London.

Kuna jambo moja zaidi ambalo kitabu hakingeweza kulijua kwa sababu ya miaka yake, lakini msomaji wa leo hawezi kulikwepa akipita Armenian. Hadi mwisho wa miaka ya 1990 nyumba nyingi za kale za George Town zilikuwa chini ya sheria iliyozuia kodi kupanda. Mafundi, wauza kahawa, wasuka vikapu, wajane, walikaa humo kwa kodi ndogo. Sheria hiyo ilifutwa, na kuanzia mwaka 2000 kinga ikaondoka. Wapangaji wengi wakahama. Mwaka 2008 UNESCO ikaupa mji hadhi ya urithi wa dunia pamoja na Melaka, na nyumba zilizobaki wazi zikageuka hoteli ndogo na migahawa. Mji Mkongwe ulipata hadhi hiyo mwaka 2000, na sisi tunajua kwamba hadhi peke yake haishikilii dari: Desemba 25, 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883 la Sultan Barghash, ilianguka na kuua watu. Kwa hiyo ile picha ya milango inayozunguka bila nyumba, ambayo kitabuni ni picha ya mapenzi yasiyo na mahali, mtaani leo inasomeka kama taarifa ya habari.

Na hili, naona, ni sifa ya kitabu hata kama mwandishi hakulikusudia lote. Picha nzuri katika riwaya hufanya kazi hata mahali ambapo mwandishi hayupo. Mume wangu hakuhitaji kumpenda Lesley ili ule ukumbi wa milango umfungue kinywa. Miaka tisa nilikaa naye, nikala kwa bibi yake, nikapita kwenye ule mlango wa mbao za kawaida mara ngapi sijui. Sikuuliza. Kitabu cha mtu wa Penang kuhusu mjane wa Kiingereza ndicho kilichoniambia nyumba ya wakwe zangu ilikuwaje. Mhakiki akiandika kwamba kitabu kina kasoro, na mimi nimeandika, anapaswa kutaja na hilo.

Je, ukisome? Ndiyo. Kisome kwa ajili ya Willie na Lesley gizani, kwa ajili ya kesi ya Ethel ambayo Tan anaiendesha vizuri kuliko Maugham kwa sababu anamwacha mwanamke abaki na siri yake, na kwa ajili ya ile nyumba. Ukifika kwenye sentensi zenye marashi mengi, pumua, endelea. Usikisome peke yake. Kiweke pembeni ya Gurnah, na kama unaweza kumpata Selim bin Abakari kwenye maktaba yoyote, mweke katikati yao wawili. Anaweza kuwaambia wote jambo.

Jioni tulimalizia Chew Jetty, mtaa wa ukoo wa Chew uliojengwa baharini juu ya nguzo. Unatembea kwenye mbao, huku na huku nyumba, maduka ya aiskrimu, na kila baada ya hatua chache kibao kinachowaomba wageni wasiingize kamera ndani. Mbele ya nyumba moja mama mzee alikuwa anatazama televisheni, mgongo kwetu, mlango wazi. Watu walikuwa wanapita nyuma yake kwa mamia. Hakugeuka. Mume wangu alimsalimia hata hivyo, apa khabar, kwa sauti ya mtu anayepita barazani kwa jirani. Yule mama akainua mkono bila kuacha kutazama kipindi chake.

Tukampigia bibi simu ya video. Kwao ilikuwa saa saba na nusu mchana, amemaliza kuswali, amekaa kwenye kiti chake karibu na dirisha. Mume wangu akamwonyesha bahari, nguzo, taa zinazoanza kuwaka. Bibi hakuvutiwa na bahari, anayo.

"Milango yao ikoje?" akauliza.

"Myembamba, bibi. Ya mbao. Mingine ina vijilango vifupi kwa mbele, vya kupitisha upepo."

"Na watu wamo ndani?"

Akageuza simu kuelekea mtaa, nyumba moja moja, ile ya mama mwenye televisheni, ile ya aiskrimu, ile iliyofungwa kwa kufuli.

"Baadhi yake, bibi," akasema. "Baadhi yake wamo."